Mionzi ya tezi dume: kisa cha fundi wa Moshi na mkewe

Kisa hiki kinaelezwa kwa ridhaa ya mgonjwa na mkewe. Majina si yao, umri na baadhi ya mambo ya familia yamebadilishwa, na hospitali hazitajwi. Tumekiandika kwa ajili ya familia za wagonjwa wa saratani ya tezi dume zinazoambiwa "mzee anahitaji mionzi", na kwa wahudumu wenzetu wanaokaa nao kliniki. Tiba yenyewe ilikwenda vizuri. Ila ndoa ya miaka mingi nusura isambaratike kwa jambo ambalo lingeelezwa kwa dakika kumi, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika.

## Mgonjwa na nyumba yake

Mzee K. alikuwa na miaka 67. Ni fundi magari mwenye gereji ndogo Moshi mjini, na bado alikuwa akiingia chini ya gari kama vijana wake. Anaishi kihambani na mkewe, tutakayemwita Mama Neema. Alikuwa na presha na kisukari cha aina ya pili, vyote akivimudu kwa vidonge. Neema, kifungua mimba wao, ni mtumishi wa serikali anayeishi Kimara, Dar es Salaam. Ndiye aliyemwandikisha baba yake kwenye bima ya afya kama mtegemezi.

Mdogo wake Mzee K. alifariki kwa saratani ya tezi dume. Alifika hospitali akiwa na maumivu ya mgongo, miguu imeanza kufa ganzi, ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa. Alitolewa korodani ili kupunguza kasi ya ugonjwa, akaishi kwa muda, kisha akafariki. Kwa Mzee K., kusikia tezi dume kulikuwa ni kusikia mambo mawili: kuhasiwa na kufa. Hofu hiyo ilikuwamo katika kila uamuzi uliofuata, hata pale ambapo hakuitamka.

## Alivyogundulika

Alikuwa akiamka usiku mara nne au tano kukojoa, akisingizia sukari. Neema alipokuja likizo alisikia mlango wa choo usiku kucha, na asubuhi akampeleka baba yake kupima. Hapa inafaa kusema wazi: kuamka usiku mara nyingi husababishwa na tezi kutanuka tu kwa umri. Saratani ya tezi dume ikiwa changa kwa kawaida haina dalili yoyote. Mzee alikwenda kwa sababu ya kero moja, akakutwa na jambo jingine. Na kwa kuwa ndugu yake wa damu aliugua, hatari yake ilikuwa kubwa takriban maradufu kuliko ya mwanaume asiye na historia hiyo. Alipaswa kupimwa miaka mingi nyuma.

PSA, yaani kiwango cha protini ya tezi dume kwenye damu, ilikuwa 14.2, juu ya kawaida. Maambukizi ya mkojo nayo hupandisha PSA, hivyo mkojo ulipimwa ukakutwa safi, kipimo kikarudiwa baada ya wiki sita, kikatoka 14.8. Daktari alipompima kwa kidole alikuta uvimbe mgumu upande mmoja wa tezi. Mzee alikikwepa kipimo hicho mara ya kwanza. Mara ya pili alikubali baada ya kuambiwa kuwa hakichukui hata dakika moja, na kuwa mkewe angemsubiri nje bila kuelezwa chochote asichotaka yeye.

Vinyama 12 vya tezi vilichukuliwa, vitano vikakutwa na saratani, Gleason (kipimo cha ukali wa saratani) 4+3. Namba hizo zinahitaji kuelezwa, kwa sababu karatasi ya majibu hupita mikononi mwa ndugu wote. Namba ya kwanza ni ya aina ya chembe zilizo nyingi zaidi. Mwenye 4+3 na mwenye 3+4 wote wana jumla ya 7, lakini wa kwanza ana chembe kali nyingi zaidi, na tiba yao yaweza kutofautiana. Picha ya MRI na kipimo cha mifupa vilionyesha kuwa saratani ilikuwa bado ndani ya tezi. Alikuwa katika kundi la hatari ya kati, upande wake mbaya. Ugonjwa wa kutibiwa ili upone, ila si wa kuachwa.

## Njia alizopewa

Kusubiri huku akifuatiliwa kuliondolewa mapema. Njia hiyo huwafaa wanaume wenye saratani tulivu kuliko ya kwake.

Kulikuwa na wazo la ndugu mmoja kwamba atolewe korodani kama marehemu mdogo wake, kwa kuwa ni operesheni ya mara moja, haina safari, na gharama yake ni ndogo. Wazo hili tunalisikia mara kwa mara, na tunalichukulia kwa uzito, maana linatoka kwa watu wanaohesabu fedha za kweli. Lakini kuondoa korodani hukata homoni inayolisha saratani, hakuondoi saratani iliyo ndani ya tezi. Kwa aliyechelewa ni msaada mkubwa. Kwa mwenye ugonjwa ambao haujasambaa, ni kuacha kazi nusu. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliochapishwa mwaka 2009, wenye wanaume 875 ambao saratani yao haikuwa imesambaa mbali, ulilinganisha tiba ya homoni peke yake na homoni pamoja na mionzi. Baada ya miaka 10, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa asilimia 23.9 kwa waliopata homoni tu, na asilimia 11.9 kwa walioongezewa mionzi.

Zikabaki mbili: upasuaji wa kuondoa tezi yote, au mionzi pamoja na sindano za homoni kwa miezi sita. Mzee aliuliza swali ambalo kila mmoja huuliza: "Daktari, ipi inaponya?" Daktari alimjibu kwa uaminifu kwamba kwa ugonjwa wake zote mbili zinaponya, na tofauti kubwa iko katika namna atakavyoishi baadaye. Utafiti wa Uingereza ulioitwa ProtecT uliwagawa wanaume 1,643 katika makundi ya ufuatiliaji, upasuaji na mionzi. Matokeo ya miaka 15, yaliyotolewa mwaka 2023, yalionyesha kuwa waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa takriban asilimia 3 au pungufu katika kila kundi. Wengi wao walikuwa na ugonjwa mpole kuliko wa Mzee K., kwa hiyo takwimu hizo hazimhusu moja kwa moja. Ila upande wa maisha ya kila siku zinasema jambo la maana: baada ya miaka sita, waliokuwa wakivaa pedi kwa kuvuja mkojo walikuwa asilimia 17 kwa waliofanyiwa upasuaji na asilimia 4 kwa waliopata mionzi.

Mzee alisikiliza, kisha akauliza kuhusu gereji. Baada ya upasuaji angekaa na mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili, na asingebeba vizito kwa takriban wiki sita. Hayo aliyakubali. Kilichomshinda ni kuvuja mkojo akiwa amelala chali chini ya gari, vijana wake wakimpa spana. Upande wa mionzi, alionywa kuhusu mkojo kuwasha, tumbo kuchafuka, damu kutoka njia ya haja kubwa miezi mingi baadaye, na safari, kwani wakati huo mtu wa Moshi aliyehitaji mionzi alikwenda Dar es Salaam. Alichagua mionzi. Mwezi Oktoba akachomwa sindano ya kwanza tumboni, ya kukaa miezi mitatu. Sindano hiyo hupunguza ukubwa wa tezi kabla ya mionzi, na ilimpa nafasi ya kujipanga bila ugonjwa kukimbia.

## Kikao cha Desemba

Kama ilivyo Kilimanjaro nzima, ndugu wote walirudi nyumbani kwa Krismasi. Baada ya ibada na nyama, likaletwa suala la Mzee. Kaka yake mkubwa, ambaye neno lake halipitwi hovyo, alisema kitu kibaya hukatwa kikatupwa, na kwamba mionzi "inachoma watu wakaisha." Alikuwa amemuona jirani aliyepata mionzi ya saratani nyingine, akiwa katika hali mbaya sana.

Neema hakumbishia. Alisema, "Baba mkubwa, naomba nisome barua ya daktari, halafu wewe ndiye utuongoze." Akaisoma mbele ya wote, akaeleza kuwa jirani alipewa mionzi ya kupunguza maumivu akiwa ameshazidiwa, na kwamba ugonjwa ndio uliommaliza. Mzee mwenyewe alisema maneno machache: kazi yake ni ya chini ya gari, na sukari yake haipendi vidonda. Kaka yake alinyamaza kwa muda, kisha akauliza nani atamlaza Dar na nani ataangalia ng'ombe. Hiyo ndiyo ilikuwa ridhaa. Waliokuwepo wakachanga nauli na matumizi ya mwezi, kwa kuwa bima ililipia tiba, haikulipia basi wala chakula.

## Sindano ambayo haikuelezwa

Hapa ndipo palipoharibika, na palianza kuharibika kabla hata ya kikao.

Mzee alipochomwa sindano aliambiwa ni "ya kuzuia saratani." Ni kweli, lakini haitoshi. Sindano ile huuzima mwili usitengeneze testosteroni, homoni ya kiume ambayo chembe za saratani huitegemea. Kwa kufanya hivyo huzima pia hamu ya tendo la ndoa, huleta joto la ghafla na jasho, hupunguza misuli, huongeza mafuta tumboni, na kwa mwenye kisukari huweza kupandisha sukari. Kufikia katikati ya Novemba Mzee alikuwa akiamka shuka limelowa jasho. Hamu ilikwisha. Alihisi ugonjwa umefika kule ulikomfikia mdogo wake, na aibu ikamzuia kusema. Akahamia chumba cha watoto, akidai anamsumbua mkewe usingizi. Akawa mkali kwa mambo madogo.

Mama Neema alielewa alivyoweza. Mume anatokea mjini kila siku, ghafla hamtaki, analala kwingine, anaficha nguo za kulalia ili azifue mwenyewe. Alihitimisha kuwa kuna mwanamke. Alivumilia Krismasi nzima akihudumia wageni na moyo huo.

Mapema Januari alimsindikiza mumewe kliniki ya sukari. Mzee alipokwenda maabara, mama alisogeza kiti karibu na mmoja wetu, mkoba wake ameushika mapajani kwa mikono miwili, akauliza taratibu: "Nesi, mwanangu, ile sindano ya tumboni ni ya nini hasa?" Aliulizwa kwanza anaona nini nyumbani. Akaeleza yote bila kulia. Mzee aliporudi tulimuomba ruhusa ya kuzungumza na wote wawili pamoja, akaitikia kwa kichwa.

Tuliwaambia kuwa hamu imezimwa na dawa, kwamba saratani haijafika huko, na kwamba mionzi nayo huweza kudhoofisha nguvu za kiume polepole katika miaka inayofuata. Tuliwaambia pia kuwa sindano ikisha, homoni kwa wengi hurejea baada ya miezi kadhaa, na kwa wenye umri mkubwa huchukua muda zaidi au isirejee kikamilifu. Hatukuwapa ahadi. Mama Neema alikaa kimya, akamgeukia mumewe: "Kumbe ni dawa. Na wewe ulikuwa unalala na hofu hiyo peke yako?" Mzee hakujibu, lakini usiku huo alirudi chumbani kwake. Sukari yake siku hiyo ilikuwa imepanda sana, vidonge vikaongezwa, akashauriwa kutembea kila siku na kunyanyua vizito vyepesi ili misuli isipotee.

## Wiki nne Dar es Salaam

Kabla ya mionzi kuanza alifanyiwa picha ya CT ya kupangia tiba. Alilazwa chali, magoti yameegemezwa, akawekewa vidoti vidogo vya wino kwenye nyonga na chini ya kitovu ili alale vilevile kila siku. Alipangiwa dozi ya Gray 60 (Gray ni kipimo cha mionzi) kwa vipindi 20, Jumatatu hadi Ijumaa. Ratiba ya zamani ilikuwa ya vipindi 37 au zaidi. Utafiti wa CHHiP wa Uingereza, wenye wanaume 3,216 na matokeo yake yaliyotoka mwaka 2016, ulionyesha kuwa vipindi 20 vya dozi kubwa zaidi kwa siku havikuwa duni kwa vipindi 37. Kwa anayeishi jirani na mashine, tofauti hiyo ni ya kawaida tu. Kwa mtu wa Moshi ilikuwa tofauti ya mwezi mmoja na karibu miwili ya kulala ugenini.

Mionzi yenyewe haiumi. Mtu analala, mashine inamzunguka, wataalamu wanamtazama kupitia kamera, dakika chache anatoka. Shida ilikuwa kibofu.

Kibofu kikijaa husukuma utumbo mbali na mionzi, nacho chenyewe sehemu yake kubwa hutoka kwenye njia yake. Haja kubwa nayo inatakiwa iwe imetoka, kwa sababu puru iliyojaa kinyesi au gesi huisogeza tezi, na mionzi ikaangukia pengine. Kwa hiyo mgonjwa hukojoa, hunywa kipimo cha maji alichoelekezwa, kisha hubana mpaka aitwe. Kumwambia hivyo mzee mwenye tezi iliyotanuka, anayetoka Kimara kwa mwendokasi asubuhi watu wamejaa mlangoni, ni kumpa mtihani mgumu.

Wiki ya kwanza alikunywa maji nyumbani ili awahi. Alifika akiwa anatetemeka miguu, akakuta mashine imechelewa kuanza, akashindwa, akaenda msalani, akarudishwa nyuma ya foleni. Siku mbili mfululizo. Aliyemwokoa ni mzee mwenzake wa Tanga waliyekaa naye benchi moja, ambaye alikuwa ameshapita wiki ya tatu. Alimfundisha hivi: usinywe chochote njiani. Ukifika kojoa, jiandikishe, muulize mtaalamu mashine inafanya kazi na wako wangapi mbele yako, na ufungue chupa pale tu atakaposema sasa. Kuanzia hapo hakushindwa tena. Wazee wa benchi lile walizungumza mambo ambayo Mzee K. hakuwahi kuyasikia yakizungumzwa na wanaume: pedi, jasho, wake zao. Alimpigia mkewe jioni akamsimulia.

Chakula nacho kilihitaji marekebisho. Neema, kwa upendo, alimpikia baba makande wikiendi ya kwanza. Jumatatu picha ilionyesha gesi nyingi kwenye puru, akaambiwa azunguke kwanza ndipo aitwe tena. Maharage, kabichi na soda vikasitishwa mpaka mwisho wa tiba. Ndizi, wali, samaki na mtori vikaendelea.

Wiki ya tatu mkojo ulianza kuwasha, usiku akawa anaamka kila saa, choo kikawa laini na cha ghafla. Hii ndiyo hali iliyotarajiwa. Alipewa tamsulosini kulegeza njia ya mkojo, akaambiwa apunguze chai na kahawa. Alikuwa amefikiria kuacha kunywa maji kabisa, jambo ambalo lingefanya mkojo uwe mkali na uwashe zaidi. Uchovu ulimjia mchana kama mtu aliyefanya kazi usiku. Alilala saa moja, akatembea jioni, basi.

Siku mbili mashine ilisimama kwa matengenezo. Alihangaika kuwa tiba imeharibika. Daktari alimweleza kuwa vipindi vilivyokosekana vitaongezwa mwishoni na kwa saratani hii siku mbili hazidhuru. Tiketi ya basi ilibadilishwa.

Jambo moja liligunduliwa na Neema tu. Baba yake hakuwa akimpakata mjukuu. Alikuwa akimsalimia kutoka mbali, akiamini ana mionzi mwilini. Mionzi inayotoka kwenye mashine haibaki kwa mgonjwa. Akishuka kitandani hana hata chembe yake. Kuna tiba nyingine ambapo chembe za mionzi hupandikizwa ndani ya tezi, na huko tahadhari hutolewa, ila yeye hakupata hiyo. Aliambiwa siku hiyohiyo, na wiki iliyobaki mtoto alilala mapajani mwake akitazama katuni.

## Baada ya tiba

Mkojo na choo vilitulia ndani ya wiki sita hivi. Sindano ya pili na ya mwisho alikuwa ameshapata Januari. PSA ya miezi mitatu ilikuwa 0.2, ambayo haikutufurahisha kupita kiasi kwa kuwa homoni ilikuwa bado imezimwa. Mwaka mmoja baadaye ilipanda hadi 0.9. Familia ikaingiwa na baridi, na kaka mkubwa akapiga simu. Tofauti na upasuaji, baada ya mionzi tezi ipo bado, na PSA huweza kupanda kidogo homoni inaporejea, kisha ikashuka. Kwa kawaida saratani huhesabiwa kuwa imerudi pale PSA inapopanda kwa 2 au zaidi juu ya kiwango cha chini kabisa kilichofikiwa. Kilichofuata kilikuwa 0.7, kisha 0.5.

Mwezi wa 15 baada ya tiba aliona damu kwenye choo. Alikuwa ameonywa, hivyo alirudi kwetu badala ya kukimbilia dawa za mitishamba. Kipimo kilionyesha mishipa dhaifu ya puru iliyoathiriwa na mionzi. Alipewa dawa ya kulainisha choo, ikatulia bila zaidi ya hapo.

Hamu ilirejea polepole, nguvu kwa sehemu. Wanasema wamepata namna yao, na hawakuombwa maelezo zaidi. Gereji inafanya kazi.

## Uchambuzi

Uamuzi wa mionzi ulikuwa sahihi kwa mtu huyu, na tunasema kwa mtu huyu kwa makusudi. Mwenye mkojo unaoziba kabisa, mwenye ugonjwa sugu wa utumbo, au asiye na pa kufikia Dar angeweza kufaa zaidi upasuaji. Kilichosaidia ni kwamba daktari hakumficha kuwa njia mbili zinakaribiana kwa kuponya, akamwachia nafasi ya kuileta kazi yake katika mizani. Mgonjwa aliyechagua kwa sababu zake mwenyewe aliweza kuitetea mbele ya kaka yake.

Neema alifanya kazi ambayo mfumo hauna mtu wa kuifanya: bima, malazi, barua, kikao. Kwa wengi hayupo Neema. Kliniki inayompeleka mzee mbali kwa mwezi inapaswa kuuliza utalala wapi kabla ya kuandika rufaa, na kuandika jibu kwenye faili.

Kilichokwama zaidi ni sindano. Hakuna aliyekusudia kuficha. Mtoa dawa aliona haya, mgonjwa aliona haya, na mke hakuitwa. Gharama yake ilikuwa miezi miwili ya mateso kwa watu wawili, na sukari iliyopanda bila mtu kuifuatilia. Sasa, kabla ya sindano ya kwanza ya homoni, tunamuuliza mgonjwa kama angependa mwenza wake awepo, tunataja hamu na nguvu za kiume kwa majina yake, na tunapanga kipimo cha sukari baada ya mwezi. Wachache wanakataa mwenza kuwepo, na hilo tunaliheshimu.

Suala la maji na chakula lilitakiwa kufundishwa Moshi, kabla ya kupanda basi, kwa karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Mzee wa Tanga hatakuwepo benchini kila siku.

La mwisho ni la wahudumu wenzetu popote anapoweza kwenda. Mzee K. anabeba kadi inayosema amepata mionzi ya tezi dume, tarehe na dozi. Akitoka damu njia ya haja kubwa, ukuta wa mbele wa puru usikatwe kinyama kwa haraka, kwa sababu kidonda kwenye nyama iliyopigwa mionzi huweza kugoma kupona na kutoboka hadi kwenye njia ya mkojo. Kadi hiyo iko kwenye pochi yake, nyuma ya leseni ya udereva.